Bili ya Simu Ambayo Haiandikwi na Mtu

Jumamosi moja mwezi uliopita, jirani yangu anayeuza vitenge hapa Busia, Uganda, alikuja barazani kwangu na simu mkononi. Hakusalimia hata. Asubuhi alikuwa ameweka shilingi 5,000, na sasa jua linazama simu inamwambia amebakiwa na 340.

"Mwalimu, hawa watu wananiibia."

Nikamuuliza amepiga simu ngapi. Mbili tu, akasema: moja kwa dada yake Tororo, nyingine kumwagiza bodaboda alete mzigo. Shilingi 4,660 kwa simu mbili! Hata mimi ningekasirika.

Malalamiko hayo hayako Busia peke yake. Panda teksi yoyote Kampala, kaa kinyozi Mbale au Kasese, utasikia hayo hayo: data inaisha upesi, salio linayeyuka, kampuni ni wezi. Wakati mwingine mlalamikaji ana haki yake. Lakini mara nyingi pesa imekatwa kwa jambo ambalo yeye mwenyewe, au mtoto wake, aliwahi kulikubali bila kujua. Ugumu ni kuyatenganisha hayo mawili, na huwezi kuyatenganisha kama huna bili.

Hapo ndipo penye tatizo letu. Uganda wengi wetu tunatumia simu ya kulipia kwanza. Hakuna karatasi inayokuja mwisho wa mwezi kusema umetumia kiasi hiki hapa na kile pale. Bili yetu ipo, ila imekatwakatwa: mia tano leo, elfu moja kesho, elfu mbili za mama kijijini, elfu moja ya mtoto aliyesema ana kazi ya shule. Yaka ya umeme nayo ni ya kulipia kwanza, lakini ukinunua unapewa risiti yenye uniti zako na kodi iliyokatwa. Simu hukutumia meseji fupi ambayo unaifuta kabla hujaisoma.

Basi usianze kwa kukagua bili. Anza kwa kuiandika.

Kabla ya hapo tuelewane maneno machache. Salio kuu ni pesa uliyoweka kwenye laini na ambayo bado haijapewa kazi. Bando ni sehemu ya pesa hiyo uliyokwisha kuibadilisha iwe dakika, meseji au MB za intaneti, kwa muda maalumu. Bei ya nje ya bando ni kile unachotozwa ukitumia simu wakati huna bando, au una bando lisilohusika na unachofanya. Bei hiyo kwa kawaida ni ghali kuliko bando, na ndiyo inayomaliza watu.

Fikiria gunia la unga stoo. Kila asubuhi unapima bakuli moja la siku hiyo na kulipeleka jikoni. Gunia ni salio kuu, bakuli ni bando. Unga wa bakuli ukiisha saa kumi, mpishi angekuja kukuuliza. Simu haiulizi. Inaingia stoo yenyewe na kuchota, na huko haichoti kwa bei ya bakuli.

Turudi kwa mama wa vitenge, yule jirani yangu. Nilichukua daftari la mwanangu, nikachora mistari, tukaanza kusoma meseji za mtandao moja baada ya nyingine kuanzia za asubuhi. Yeye alikuwa hajazisoma hata moja kwa sababu menyu na meseji za simu yake zote zilikuwa za Kiingereza. (Katiba yetu inakitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili tangu marekebisho ya 2005. Simu yake haijapata habari.)

Mstari wa kwanza ulikuwa shilingi 1,000, zilizokatwa dakika ileile alipoweka pesa. Hilo lilikuwa deni. Alhamisi alikopa salio kwa mtandao, akapewa 900, na sasa wamechukua 1,000. Watu wengi hawalihesabu hili kama gharama, kwa sababu ni mia moja tu. Lakini anayekopa 1,000 kila baada ya siku mbili na kukatwa mia kila mara, kwa mwezi amelipa 1,500 kwa ajili ya kukopa tu, yaani salio la elfu moja na mia tano ambalo hakuongea nalo hata neno.

Mstari wa pili, shilingi 1,000 nyingine: bando la data lililojinunua lenyewe. Ukinunua bando, menyu huweza kukuuliza kama unataka mara moja tu au lijirudie likiisha. Anayebonyeza haraka huchagua kujirudia. Tangu hapo kila ukiweka pesa, bando linakuwa la kwanza kwenye foleni.

Mstari wa tatu, 300 za meseji za dua za kila siku, na wa nne, 500 za wimbo anaousikia mtu akimpigia. Mama alikana kabisa. "Mimi wimbo? Wimbo gani?" Nikampigia kutoka simu yangu. Ulikuwa wimbo wa mapenzi. Binti yake alicheka mpaka akakaa chini, kisha akanyamaza, na tukajua nani aliubonyeza.

Huduma hizi ndogondogo ndizo ningekuambia uzitafute kwanza kwenye kila simu ya nyumbani, hasa simu zinazoshikwa na watoto na wazee. Hazikatwi kwa kishindo. Ni mia mbili hapa, mia tatu pale, kila siku au kila wiki. Mara nyingi huingia kupitia ujumbe unaoruka katikati ya kioo ukiwa na maneno mengi na kitufe kimoja cha kukubali. Mtoto anayetaka kurudi kwenye mchezo wake atabonyeza chochote kilicho mbele yake. Mzee ataona neno la Mungu au jina la timu ya mpira, atabonyeza pia. Kutoka, tafuta kwenye menyu ya mtandao sehemu ya huduma ulizojiunga nazo uzifute moja moja, au jibu ile meseji kwa neno STOP kama lilivyoandikwa ndani yake. Kisha ngoja kesho uone kama kweli zimekoma. Zikikatwa tena baada ya wewe kujitoa na kupata uthibitisho, hapo sasa una kesi.

Simu zenyewe mbili za Tororo na bodaboda zilikula 510. Alikuwa na dakika za bando, lakini za kupiga ndani ya mtandao wake tu, na wote wawili wako mtandao mwingine.

Zikabaki 1,350 ambazo hazikuwa na meseji ya ununuzi. Hizi zilitusumbua mpaka nilipoona, katikati ya zile za dua, meseji moja ya saa nane mchana iliyomkaribisha Kenya. Mama hakuvuka mpaka siku hiyo. Alikuwa dukani kwake.

Anayeishi Busia, Malaba, Lwakhakha au mpaka wowote ule anajua haya. Mnara hauoni mpaka. Mtandao wa upande wako ukilegea kidogo, simu inatafuta wenye nguvu, na wenye nguvu unaweza kuwa wa jirani ng'ambo. Ikishaingia huko inahesabiwa kuwa iko ugenini, ndiyo roming, hata kama umekaa kwenye kiti chako cha kila siku. Bando la data ulilonunua kwa matumizi ya hapa huenda lisifanye kazi kule, na kama mtu amewasha data ya ugenini kwenye simu, mtandao unachota kwenye salio kuu. Simu ya mama ilikuwa imewashwa hivyo na fundi aliyemtengenezea kioo.

Nchi za ukanda huu, Kenya, Rwanda, Sudan Kusini na Uganda, zilianzisha mpango wa mtandao mmoja kuanzia 2014 ili kushusha bei za kupigiana na kusafiri na simu. Ulisaidia sana upande wa simu za sauti. Ila wengi walielewa kwamba kuvuka mpaka hakuna gharama tena, na hilo si kweli, hasa kwa data. Anayeishi mpakani aingie kwenye mipangilio ya simu, azime data ya ugenini, kisha kwenye uchaguzi wa mtandao aondoe "otomatiki" na kuchagua mtandao wake kwa mkono. Ni kazi ya dakika mbili. Ubaya wake ni kwamba mnara wa huku ukizimika, simu inakaa bila mtandao. Mimi nimechagua hivyo.

Hesabu yetu ikafunga: 1,000 za deni, 1,000 za bando, 800 za dua na wimbo, 510 za maongezi, 1,350 za ugenini. Jumla 4,660. Hakuna hata shilingi iliyopotea, na ni chache kati ya hizo alizokusudia kuzitumia.

Fanya hivi kwa simu zote za nyumbani kwa wiki moja tu. Usifute meseji. Jumapili jioni kusanya simu, chukua daftari, andika kila kilichokatwa na jina lake. Programu za kampuni za simu, kama unazo, zinaonyesha historia ya manunuzi, na menyu za pesa kwa simu (*165# kwa MoMo ya MTN, *185# kwa Airtel Money) zitakupa orodha fupi ya miamala. Usishangae ukikuta baba, mama na vijana wawili wanatumia kwa mwezi pesa inayokaribia karo ya mtoto wa shule ya msingi ya jirani, wakati kila mmoja anaapa kwamba yeye huweka elfu moja tu.

Sasa kodi, maana hapa maneno ya mtaani yamechanganyika sana. Kuanzia Julai 2018 ulikuwa unalipa shilingi 200 kwa siku ili ufungue WhatsApp, Twitter na wenzao. Kodi hiyo iliondolewa Julai 2021. Wapo wanaosema basi data haina kodi, na wapo wanaosema bado wanakatwa 200 kisirisiri. Wote wamekosea. Badala yake iliwekwa ushuru wa asilimia 12 juu ya data yenyewe, na juu yake ipo VAT, kodi ya ongezeko la thamani, ya asilimia 18, ambayo hutozwa juu ya bei pamoja na ule ushuru. Kwa hesabu ya kalamu, katika bando la data la shilingi 1,000, karibu 757 ni za kampuni, 91 ni ushuru na 152 ni VAT. Yaani karibu robo inakwenda serikalini. Lakini imo ndani ya bei unayoiona kwenye menyu. Haikatwi tena baadaye. Kwa hiyo pesa ikipungua kwenye salio kuu usiku, usilaumu kodi, tafuta sababu nyingine. Kodi unayoweza kuiona ikikatwa kando ni ile ya kutoa pesa kwa wakala: nusu asilimia. Ukitoa 200,000, shilingi 1,000 ni ya serikali, mbali na ada ya kutolea. Ndiyo maana kununua bando moja kwa moja kutoka pesa ya simu ni nafuu kuliko kutoa taslimu kwa wakala ukanunue vocha dukani.

Kununua hivyo kuna faida nyingine ambayo naiona kubwa zaidi. Bando linaingia bila pesa kupita kwenye salio kuu, hivyo stoo inabaki tupu. Bakuli likiisha, mpishi akienda kuchota hakuti kitu. Data inakatika, unajua imekatika, unaamua mwenyewe kama ununue tena. Zile huduma za dua na nyimbo pia hukosa pa kuchota. Jirani zangu wawili wameacha kabisa kuweka salio kuu, wananunua bando tu.

Na wale wanaosema data huliwa usiku wamelala? Wanasema kweli, ila mwizi amelala nao chumbani. Simu iliyoruhusiwa kutumia data kwa hayo, ikitulia ndipo inaposasisha programu zake, ndipo inapopakia picha za siku nzima kwenye hifadhi ya mtandaoni. WhatsApp nayo, ikiruhusiwa kwenye mipangilio yake, inapakua kila video inayotumwa kwenye kamati ya harusi, kamati ya mazishi na kundi la wanafunzi wa zamani, hata zile usizozifungua kamwe. Fungua mipangilio, tafuta matumizi ya data, utaona programu zimepangwa kuanzia mlafi mkubwa. Kwenye simu ya binti wa mama wa vitenge ya kwanza ilikuwa ya video fupi, na imeziacha nyingine mbali sana. Video ndiyo mambo yote. Meseji elfu za maandishi hazifikii dakika chache za video safi.

Wapo pia wanaosema 4G inakula data kuliko 3G. Bomba pana halinywi maji, watu ndio wanaokunywa. Ila kweli mtandao ukiwa na kasi, programu za video hujiongezea ubora zenyewe, na kwa nusu saa ileile unatumia MB nyingi zaidi. Shusha ubora kwa mkono kwenye programu yenyewe, ukae na kasi yako.

Halafu kuna VPN, programu inayoficha unachofungua mtandaoni na kukupitisha palipofungwa. Tangu Facebook ifungwe hapa nchini Januari 2021, watu wengi walizoea kuiwasha na wakasahau kuizima. VPN inaongeza mzigo kidogo kwenye kila unachofanya, lakini hasara kubwa iko kwingine. Ukinunua bando la mitandao ya kijamii pekee, kampuni inahitaji kutambua kwamba hii unayofungua ni WhatsApp kweli ili ikate kwenye bando hilo. VPN inafunika kila kitu. Mtandao hauoni WhatsApp, unaona intaneti tu, na unakata kwenye data ya kawaida au salio kuu huku bando lako la kijamii likikaa bila kuguswa mpaka muda wake unakwisha. Nimeona mtu akigombana na dada wa huduma kwa wateja nusu saa nzima kwa jambo hili, na wote wawili walikuwa wanasema kweli.

Tukija kwenye bando nafuu, watu hulinganisha bei na MB. Hicho ni kipimo kizuri kwa anayezimaliza MB zote. Kwa wengine kinadanganya. Chukua mfano wa kubuni: bando la siku ni 1,000 kwa MB 400, na bando lisiloisha muda ni 10,000 kwa MB 2,500. Kwa kila MB la kwanza ni shilingi 2.5, la pili ni 4. Mtu anakimbilia la kwanza. Lakini mama yangu mzazi hutumia kama MB 80 kwa siku: picha za wajukuu, simu moja ya WhatsApp, basi. Kwa bando la siku atalipa 30,000 kwa mwezi na kumwaga MB 320 kila siku. Kwa lile la pili, MB 2,500 zitamfikisha siku 31 kwa 10,000. Ghali kwa kipimo, rahisi kwa mfuko. Ni kama kununua debe la nyanya kwa sababu bei yake ni nzuri wakati wewe unapika mboga ya mtu mmoja. Mabando yasiyoisha muda tunayo tangu 2021, baada ya kelele nyingi za wananchi na wabunge, lakini kwenye menyu huenda ukayakuta chini kabisa, usichoke kushuka.

Soma pia mwisho wa bando la siku ni lini. Saa 24 tangu uliponunua si sawa na mpaka saa sita usiku. Ukinunua lile la mpaka saa sita usiku wakati tayari ni saa tatu usiku, umenunua muda wa masaa matatu tu.

Jambo moja ambalo watu hawalijui: ofa za "kwa ajili yako" hazifanani kwa kila laini. Kompyuta ya kampuni inaangalia unavyotumia na kukupangia. Laini inayolala mara nyingi hupewa ofa tamu ili iamke, laini inayonunua kila siku bila kuuliza haibembelezwi. Kwa hiyo kabla ya kununua, fungua menyu hiyo kwenye simu zote za nyumbani mlizo nazo kwenye mtandao mmoja. Kwetu laini ya mke wangu ina ofa bora kuliko yangu, basi yeye ndiye ananunua data, watoto wanaunganishwa kutoka kwake jioni, na mimi nanunua dakika. Wenye nyumba ya watu watano na zaidi waulize pia bei ya ruta ya nyumbani, kile kifaa kinachogawa intaneti kwa simu zote. Ila wakisikia neno "bila kikomo" waulize kasi inashuka baada ya GB ngapi, kwa sababu mara nyingi kikomo kipo, kimehamishiwa kwenye kasi.

Ukishakagua na bado kuna pesa isiyo na maelezo, dai. Piga picha ya kioo inayoonyesha salio kabla na baada, andika saa, nenda kituo cha huduma na kitambulisho chako, uombe maelezo ya makato ya siku hiyo. Usitoke bila namba ya lalamiko. Wasipokujibu ipasavyo, peleka namba hiyo kwa Tume ya Mawasiliano, UCC, makao yake Bugolobi, Kampala. Kanuni za kumlinda mteja wa mawasiliano zipo tangu 2019, na malalamiko ni kazi yao. Ukienda UCC kabla ya kwenda kwa kampuni, watakurudisha huko kwanza.

Mama wa vitenge alikwenda Jumatatu. Wimbo ukaondolewa, dua zikakoma, na 300 za dua akarudishiwa kwa sababu hakukuwa na kumbukumbu ya yeye kujiunga. Za wimbo hazikurudi. Kumbukumbu ilikuwepo, saa mbili usiku, simu yake mwenyewe. Za ugenini hazikurudi pia. Tukamzimia roming pale pale dukani, tukamchagulia mtandao kwa mkono, na sasa mvua ikinyesha na mnara wetu ukizimika simu yake inakaa kimya kabisa. Wateja wake wa Kampala wakimkosa hunipigia mimi, na kila nikivuka barabara kumwita ananiuliza kama nimeshaweka bando.